Uzi: Visanduku vitatu, jumla 30, zawadi elfu mbili. Msitoe hamsini zenu kabla hamjasoma hapa

Mwalimu wa Mbale (mwanzisha uzi)

Wadau wa Kisumu, Vihiga, Kakamega, na nyinyi wa Nakuru mliojaa humu, hamjambo.

Kuna mchezo unazunguka kwenye steji za boda na vibanda vya chai. Jamaa ana kipande cha manila kilichoandikwa namba nane: 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15. Chini yake kuna visanduku vitatu vyenye alama za kujumlisha katikati, halafu = 30. Unachagua namba tatu, ruhusa kurudia, jumla iwe thelathini. Kujaribu ni hamsini, dakika tano. Ukipata unalipwa elfu mbili. Swali lenyewe ni la zamani, limezunguka WhatsApp miaka na miaka.

Haiwezekani. Sisemi ni ngumu, nasema haiwezekani, na kwa sababu watu wananiuliza kila siku kama sijajaribu vya kutosha, nimeamua kuandika hapa mara moja.

Namba zote nane ni witiri. Witiri ukiigawa kwa mbili inabaki moja. Shufwa haibakishi kitu. Sasa chukua viatu vya mitumba pale soko la Kibuye. Una mafungu matatu, na katika kila fungu, ukishapanga jozi jozi, kinabaki kiatu kimoja kisicho na mwenzake. Changanya mafungu yote. Viwili kati ya vile vilivyobaki utaviweka pamoja (saizi tusibishanie), cha tatu kitakosa wa kuoana naye. Viatu thelathini havibakishi kiatu. Basi mafungu yako matatu hayawezi kuwa thelathini hata ukeshe.

Kwa anayependa herufi: kila witiri ni 2n + 1. Jumlisha tatu:

(2a + 1) + (2b + 1) + (2c + 1) = 2(a + b + c + 1) + 1

Ile +1 ya mwisho haiondoki. Jumla ni witiri, na 30 ni shufwa. Mchezo umeisha.

Angalieni kwamba sikugusa 11 wala 13. Sikutaja namba hata moja ya kwenye kadi. Kesho jamaa akija na kadi yenye witiri mia tano akakwambia utafute tatu zinazofika milioni moja, jibu ni hilo hilo, na kalamu hujatoa mfukoni.

Kwa faida ya mliosahau: witiri mbili zikijumlishwa huzaa shufwa. Witiri na shufwa huzaa witiri. Witiri mara witiri ni witiri daima, ila shufwa moja ikiingia kwenye kuzidisha, basi jibu lote ni shufwa. Na ukijumlisha witiri nyingi, hesabu ziko ngapi tu: zikiwa saba, jumla ni witiri, zikiwa nane, ni shufwa. Ukubwa wake haukuhusu.

---

JaKondele

Mwalimu, umenichelewesha, pesa yangu imeshaliwa. Lakini kuna dada mmoja alishinda, nilikuwepo. Aliichukua ile manila akaigeuza juu chini, 9 ikawa 6, akaandika 6 + 11 + 13. Jamaa akasema huo ni ujanja, watu wa steji wakamzunguka, mwisho akatoa mia tano akakunja kadi yake akahama.

Kwa hiyo unasema haiwezekani na mimi nimeona ikiwezekana.

---

Msee wa Section 58

Nakuru tukiwa kazini. Nimeandika programu ndogo sasa hivi ijaribu kila mpangilio: nafasi tatu, kila nafasi namba nane, jumla ni mipangilio 512. Hakuna hata mmoja unaotoa 30. Mwalimu yuko sawa.

---

Mwalimu wa Mbale

@JaKondele, omera, huyo dada nampa tano. Lakini tazama alichofanya: aliingiza 6. Hiyo ni shufwa. Kila "jibu" la swali hili ninalolijua linapita mlango huo huo. Wengine huandika 3! + 11 + 13, kwa kuwa 3! ni 3 × 2 × 1, yaani 6 tena. Wengine hutumia zile koma zilizo kati ya namba kwenye kadi kama nukta za desimali, 7.9 + 9.1 + 13, na kweli inafika 30, ila 7.9 si witiri wala shufwa, ni namba nyingine kabisa. Ukiona mtu amefika 30, usihangaike kukagua jumla yake. Tafuta pale alipoingizia kitu kisicho witiri. Utakipata.

@Msee wa Section 58, shukrani, ila nina neno. Programu yako imekwambia habari za mipangilio 512 na si zaidi. Nikiongeza 17 kwenye kadi inabidi uiendeshe upya. Ile hoja ya viatu haiendeshwi upya.

---

Msee wa Section 58

Haha sawa mwalimu. Ila kompyuta nazo zinaishi kwa witiri, usizidharau. Kuna njia ya kale ya kukagua kama data imeharibika njiani: unahesabu zile 1 zilizomo kwenye biti (zile 0 na 1 ambazo kompyuta huandikia kila kitu), unaongeza biti moja ya ziada ili idadi ya 1 iwe witiri. Mfano, herufi A kwenye ASCII, ule mwandiko wa herufi kwa 0 na 1, ni 1000001, ina 1 mbili, kwa hiyo biti ya ziada inakuwa 1, zinafika tatu. Upande wa pili ukipokea ukakuta idadi ya 1 ni shufwa, unajua kuna biti imegeuka. Zikigeuka mbili kwa pamoja hutagundua kitu, na hapo ndipo watu walilazimika kubuni njia kali zaidi.

---

Mama Kibuye

Hiyo ya kompyuta mimi naifanya kila jioni na sijui kompyuta. Sarafu za shilingi moja na za shilingi tano naziweka mkebe wake, za kumi na ishirini kando. Nikihesabu ule mkebe wa kwanza: sarafu zikiwa idadi witiri, pesa lazima iwe witiri. Zikiwa shufwa, pesa ni shufwa. Msichana wangu wa kusaidia akiniambia "sarafu ishirini na tatu, shilingi sitini," namwambia rudia kuhesabu, na sijaangalia hata mkebe. Anafikiri nina dawa.

Alinifundisha marehemu mume wangu alipokuwa karani wa ushirika. Sikuwahi kuuliza kwa nini inafanya kazi.

---

Mwalimu wa Mbale

Mama, nimesoma ujumbe wako nikacheka peke yangu. Inafanya kazi kwa sababu 1 ni witiri na 5 ni witiri. Kila sarafu unayotupa ndani inaibadilisha pesa kutoka shufwa kwenda witiri au kurudi, kama vile idadi inavyobadilika. Vinatembea pamoja tangu mkebe ukiwa mtupu. Sarafu moja ya kumi ikijichanganya humo, kipimo kimekufa, ndiyo maana mzee alikwambia uzitenge.

Na jihadhari kidogo: kikikubali hakithibitishi kwamba hesabu ni sahihi. Sarafu 24, shilingi 60, kinapita. Lakini sarafu 24, shilingi 62 nayo itapita. Kikikataa ndipo una uhakika kuna kosa.

---

BodaMamboleo

Swali la haraka. Sifuri ni nini? Hapa steji tumegawanyika.

---

Mwalimu wa Mbale

Shufwa. 0 ni 2 × 0, haibakishi kitu. Na −3 ni witiri, kabla hujauliza.

---

Sungura wa Maseno

Mwalimu, heshima yako, lakini umetamka "haiwezekani" kwa sauti kubwa mno. Kadi imesema wapi kwamba tunahesabu kwa makumi?

Mimi nahesabu kwa kumi na moja kumi na moja. Kwangu "15" ni kumi na moja moja na tano juu, yaani 16 yenu. "13" ni 14 yenu. "3" ni 3. Ukijumlisha unapata 33 yenu, ambayo ni kumi na moja mara tatu kamili, na mimi naiandika "30".

15 + 13 + 3 = 30. Namba zote tatu zimo kwenye kadi, sijageuza manila, sijaweka desimali. Nitumiwe elfu mbili yangu.

---

JaKondele

Weeeh.

---

Mwalimu wa Mbale

Kijana, hilo ndilo jibu zuri kuliko yote niliyoletewa, na nataka watu walitazame polepole kwa sababu linafundisha kuliko swali lenyewe.

Katika kuhesabu kwako, kile kilichoandikwa "15" si witiri. Ni vitu kumi na sita. Vipange jozi, hakibaki kitu. "13" ni vitu kumi na vinne, shufwa pia. Na "30" yako ni vitu thelathini na vitatu, witiri. Kwa hiyo umefanya shufwa + shufwa + witiri = witiri. Sheria haijatikisika. Kilichohama ni mwandiko.

Sisi tumezoea kuangalia tarakimu ya mwisho: ikiwa 1, 3, 5, 7 au 9, tunasema witiri. Mazoea hayo yanatokana na kumi kuwa shufwa. 4,567 ni makumi 456 na saba juu. Makumi yote yanagawika kwa mbili, kwa hiyo ile 7 ndiyo pekee yenye neno. Ukihesabu kwa kumi na moja, makundi yenyewe ni witiri, na tarakimu ya mwisho peke yake haikusaidii. Inabidi ujumlishe tarakimu zote. "15": 1 na 5 ni 6, shufwa. "13": 4, shufwa. "3": witiri. "30": 3 na 0 ni 3, witiri. Jaribuni na kuhesabu kwa tisa, 15 + 13 + 1 nayo inatoka "30", ila hapo 9 ya kwenye kadi itakosa maana kwa sababu anayehesabu kwa tisa hana tarakimu hiyo.

Elfu mbili kamdai mwenye kadi. Mimi nilisema namba witiri, na wewe umeleta moja tu.

---

Wakili wa Kijiweni

Witiri ziko hata kwenye Katiba. Ibara ya 163, Mahakama ya Juu ina majaji saba, na kikao hakikamiliki bila watano. Saba na tano. Wasigawane nusu kwa nusu.

---

BodaMamboleo

@Wakili lakini kesi ya uchaguzi wa rais ya 2017 ilikuwa nne kwa mbili. Hao ni sita.

---

Wakili wa Kijiweni

Kweli, tarehe 1 Septemba 2017, jaji mmoja alikuwa mgonjwa. Sita wakabaki.

---

Mwalimu wa Mbale

Na sita wangeweza kwenda tatu kwa tatu. Witiri inazuia sare pale tu kila mtu anapiga kura na chaguo ni mawili. Mmoja akikosa, au chaguo la tatu likiingia, ulinzi huo haupo tena. Wenye vyama humu, mnaosema "tuwe saba ili tusikwame," hakikisheni mna utaratibu wa siku mmoja akiwa matanga.

Siasa za 2017 zipelekeni uzi mwingine tafadhali.

---

Fundi Kabro

Mwalimu, mimi ni fundi, natandaza kabro hapa Kisumu na pia najenga. Sisi kona ya msingi tunaipima kwa 3-4-5: unapima futi tatu upande huu, nne upande ule, unavuta tepu kutoka alama hadi alama, ikisoma tano kona imekaa skwea. Kwa nyumba kubwa tunakwenda 6-8-10. Kuna injinia alikuja saiti akaniambia nitumie 5-12-13. Nikajaribu, ikakaa sawa kabisa. Nikamuuliza namba hizo zinatoka wapi akaniambia "ni formula." Hilo si jibu.

Je, hizi nazo ni mambo ya witiri?

---

Mwalimu wa Mbale

Fundi, umeuliza swali ambalo ningeweza kulijibu usiku kucha. Na kwa kuwa unatandaza kabro, vifaa vya kujibia unavyo.

Tumia kabro za mraba. Weka moja chini. Huo ni mraba wa 1 kwa 1. Ili upate mraba wa 2 kwa 2, unaizungushia kabro pande mbili na kona: unaongeza tatu. Ili ufike 3 kwa 3, unaongeza tano. 4 kwa 4, saba. Kila mara unatandaza mstari uliopinda kwenye kona, na kila mstari una kabro mbili zaidi ya uliotangulia.

1 = 1
1 + 3 = 4
1 + 3 + 5 = 9
1 + 3 + 5 + 7 = 16

Jumla ya witiri za mwanzo, zikiwa ngapi zile, ni idadi yake mara yenyewe. Witiri mia moja za mwanzo, kuanzia 1 mpaka 199, zinafika 10,000. Mtoto wa gredi ya tano anaweza kukujibu hilo kabla hujatoa simu, akishaona kabro zilivyolala.

Sasa simama kwenye mraba wa 12 kwa 12, kabro 144. Unataka 13 kwa 13. Unaongeza 12 upande mmoja, 12 upande wa pili, na moja ya kona: 25. Lakini hizo 25 ukizibeba ukazipeleka pembeni, zinajipanga zenyewe kuwa mraba wa 5 kwa 5! Kwa hiyo mraba wa 5 na mraba wa 12, ukivichanganya, ni mraba wa 13. Hiyo ndiyo 5-12-13 ya injinia wako. Na 3-4-5 ni vilevile: kutoka 4 kwa 4 kwenda 5 kwa 5 unaongeza 4, 4 na 1, jumla 9, na 9 ni mraba wa 3 kwa 3.

Njia ya kutengeneza nyingine unavyotaka: chukua witiri yoyote kuanzia 3. Izidishe kwa yenyewe. Jibu ni witiri (witiri mara witiri, tumeshasema), kwa hiyo litagawanyika katika namba mbili zinazofuatana.

7: 49 ni 24 na 25. Basi 7-24-25.
9: 81 ni 40 na 41. Basi 9-40-41.
11: 121 ni 60 na 61. Basi 11-60-61.

Proclus, Mgiriki wa karne ya 5, aliandika kwamba njia hii ni ya Pythagoras. Kwa kazi yako usitumie 11-60-61, pembetatu itakuwa nyembamba mno na tepu italegea katikati. 5-12-13 inatosha, na kwa chumba cha mita 3 kwa 4 huhitaji kuondoka kwenye ile ya zamani.

---

Fundi Kabro

Nimesoma mara mbili, halafu nikaenda kuzipanga kweli pale nje kwenye rundo. 25 zimejipanga. Huyu injinia nitamwonyesha.

Swali la mwisho. Chumba cha mraba, mita moja kwa moja. Ulalo wake, kona kwa kona, tepu inasoma mita 1.41 na kidogo. Nikitumia tepu yenye alama ndogo zaidi, kuna siku itaangukia alama kamili?

---

Mwalimu wa Mbale

Hapana, hata alama ziwe ndogo kiasi gani, na sababu ni witiri na shufwa tena.

Tuseme ingeangukia. Ulalo ungekuwa vipande p na upande vipande q, vyote namba kamili. Tuchague vipande vikubwa iwezekanavyo, maana yake p na q zisiwe shufwa zote mbili. Zingekuwa hivyo tungeunganisha vipande viwili viwili. Mraba wa ulalo ni mara mbili ya mraba wa upande: p × p = 2 × q × q. Upande wa kulia ni shufwa, kwa hiyo p ni shufwa, kwa kuwa witiri mara witiri ingetoa witiri. Iandike p = 2k. Inakuwa 4 × k × k = 2 × q × q, yaani q × q = 2 × k × k. Kumbe q nayo ni shufwa. Zote mbili ni shufwa, na tulikubaliana haiwezekani.

Aristotle aliitaja hoja hii, akasema kwamba ulalo ukipimika, witiri zitakuwa sawa na shufwa. Wagiriki iliwasumbua. Wewe ikate kwa milimita na uendelee na kazi.

---

Sungura wa Maseno

Ongeza hapo mwalimu: Galileo naye, mwaka 1638, aliandika kwamba kitu kikianguka, umbali kinaokwenda katika kila sekunde unafuata 1, 3, 5, 7. Ukiacha upinzani wa hewa, sekunde ya kwanza karibu mita 5, ya pili 15, ya tatu 25. Jumla baada ya sekunde tatu ni 45, yaani 5 mara 9. Ni kabro za Fundi zile zile. Mtu apande jabali la Kit Mikayi na jiwe tupime.

---

Mama Kibuye

Kit Mikayi watu wanakwenda kuomba na kufunga. Usitupe mawe huko, nyathina.

---

Sungura wa Maseno

Nimekoma mama.

---

Wa Lurambi

Mimi ni mwanafunzi, naomba msaada. Swali la mwalimu wetu: onyesha kwamba witiri yoyote ikizidishwa kwa yenyewe kisha ukatoa 1, jibu linagawanyika kwa 8. Nimejaribu 3, 5, 7, naona 8, 24, 48, ni kweli, lakini siwezi kuonyesha kwa zote.

Na je, mambo ya witiri yamekwisha yote au kuna yasiyojulikana?

---

Mwalimu wa Mbale

Sikufanyii yote, nakupa mlango. Witiri yako iite w. w × w − 1 ni sawa na (w − 1) × (w + 1). Hizo ni shufwa mbili zinazofuatana, jirani zake wa kulia na kushoto. Katika shufwa mbili zinazofuatana, moja lazima igawanyike kwa 4. Malizia mwenyewe.

La pili: hayajaisha hata kidogo. Namba 6 inagawanyika kwa 1, 2 na 3, na 1 + 2 + 3 ni 6 yenyewe. 28 vilevile: 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Zinaitwa namba kamilifu. Zote zilizopatikana tangu Wagiriki mpaka leo ni shufwa. Je, kuna iliyo witiri? Hakuna aliyeipata na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Kinachojulikana ni kwamba ikiwepo itakuwa na tarakimu zaidi ya 1,500. Hapo programu ya Msee wa Section 58 haitafika.

Jingine, hili unaweza kulicheza darasani. Chukua namba yoyote kuanzia 1. Ikiwa shufwa, igawe kwa mbili. Ikiwa witiri, izidishe kwa tatu uongeze moja. Rudia. Anza na 27 uone: itapanda mpaka 9,232, kisha itaanguka mpaka 1, safari nzima hatua 111. Kila namba iliyojaribiwa imeangukia 1. Kwa nini, hakuna ajuaye. Linaitwa swali la Collatz, na walimu wakubwa wamewaonya wanafunzi wao wasipoteze ujana humo.

Lililoisha ni hili: kila witiri kubwa kuliko 5 ni jumla ya namba tasa tatu. Lilikaa tangu karne ya 18, na mwaka 2013 Harald Helfgott kutoka Peru akatoa uthibitisho. Chukua 47 ya kaunti zetu: 37 + 7 + 3.

---

JaKondele

Kwa namba za kaunti, 37 ni Kakamega, 7 Garissa, 3 Kilifi, na 47 ni Nairobi. Kwa hiyo Kakamega, Garissa na Kilifi zikiungana zinazaa Nairobi. Nimelala na elimu leo.

---

Katibu wa Ligi

Samahani kuingilia, nimefuata uzi huu tangu jana kwa sababu nina shida ya kweli. Tuna kombe la mtaa mwezi ujao, timu tisa zimelipa. Kamati imepitisha kila timu icheze mechi tatu, halafu wanne wa juu waende nusu fainali. Nimekaa na karatasi usiku mzima kupanga ratiba. Kila nikimaliza kuna timu moja imebaki na mechi mbili, au nyingine ina nne. Mwenyekiti ananiambia sijui kupanga.

---

Mwalimu wa Mbale

Katibu, mwambie mwenyekiti apange yeye, umpe mwaka mzima.

Kila mechi ina timu mbili, kwa hiyo kila mechi inahesabiwa mara mbili, mara moja kwa kila timu. Ukijumlisha mechi za timu zote, jibu lazima liwe shufwa. Timu tisa mara mechi tatu ni 27. Hiyo ni mechi kumi na tatu na nusu. Witiri mara witiri ni witiri, na hakuna ratiba itakayoibadilisha.

Una njia tatu. Kila timu icheze mechi nne: 9 × 4 ni 36, mechi 18. Au mechi mbili: mechi 9 tu, lakini hiyo ni kidogo kwa watu waliolipa ada. Au utafute timu ya kumi ubaki na tatu: 10 × 3 ni 30, mechi 15.

Na kama mnacheza raundi kwa raundi mkiwa tisa, kila raundi kuna timu moja inapumzika, msije mkagombana.

---

Katibu wa Ligi

Mwamuzi na uwanja tunalipia kila mechi. 15 ni nafuu kuliko 18. Nimepiga picha ya jibu lako nimelituma kwenye kikundi cha kamati, mwenyekiti amelisoma na hajajibu.

---

BodaMamboleo

Katibu, ada ni ngapi? Sisi steji tuna wachezaji kumi na watatu na kipa wetu ni moto.

---

Katibu wa Ligi

Elfu tatu, jezi mje nazo. Usajili unafungwa Ijumaa. Nitumie jina la timu faraghani.